Nukta Moja Juu ya Jina la Babu

Mwaka 2009 nilikuwa na mwandiko mzuri na sina kazi. Mtu wa namna hiyo kijijini kwetu hana pa kukimbilia, atafanywa karani tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, matokeo yangu si ya kuringia wala si ya kuficha, na mchana kutwa nikishinda barazani, wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, nikisubiri nisichokijua. Kilichokuja ni fomu.

Zilikuwa fomu za kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, hiki ambacho sote tunakiita Zan ID. Sheria yake ilipitishwa 2005, na miaka ya mwanzo wengi kwetu hawakukihangaikia. Mkulima wa muhogo atamwonesha nani? Lakini sheria ya uchaguzi ikabadilishwa, ikawa bila ya kitambulisho hicho huandikwi kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, hata kama 2005 ulipiga kura na kadi yako unayo mkononi. Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba yule kijana pale barazani anajua kuandika.

Wakija asubuhi, jua halijapanda. Nyaraka za kwetu hazikai kwenye faili. Zinakaa kwenye mkoba wa ukili ulioning'inizwa juu kwenye kombamoyo mchwa wasizifikie, au chini ya godoro, au ndani ya gunia lililowahi kutiwa karafuu. Mpaka leo nikifungua cheti cha mtu wa makamo pua yangu inangoja harufu ya karafuu. Nilipokea vyeti vilivyokunjwa mara nane mpaka mikunjo imetoboka, vingine vimeshikizwa kwa plasta ya kidonda. Mzee mmoja alileta kadi ya kliniki ya mwanawe badala ya cheti chake mwenyewe, akanambia, "Hii ina muhuri, itatosha." Walionilipa walinilipa shilingi mia mbili. Wasiokuwa nazo wakaniletea pweza mkavu, na bibi mmoja aliyetoka Wete kuonana na mwanawe aliniletea halua. Sikupata kuonekana mtu wa maana kama miezi ile.

Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kile ambacho skuli hawakunifundisha. Sisi tunasema "uraia" kama kwamba ni mlango mmoja, kumbe kwa anayetaka kupiga kura Zanzibar milango ni mitatu, na kila mmoja una kufuli yake. Wa kwanza ni Utanzania. Wa pili ni Uzanzibari, ambao una sheria yake ya mwaka 1985: Mtanzania aliyekuwa akiishi Zanzibar mpaka tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, huyo ni Mzanzibari, na waliozaliwa baadaye hutazamwa wazazi wao. Wa tatu ni ukaazi. Wakati ule tuliambiwa miezi 36 mfululizo ndani ya jimbo, na anayekujua kama umekaa au hukukaa ni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako. Ndiyo maana Mtanzania kamili, mwenye pasipoti ya nchi hii, anaweza kuishi Unguja na asiwemo katika daftari la uchaguzi wa Zanzibar. Huyo huandikwa na tume ya upande wa Muungano, akapiga kura ya Muungano tu, basi.

Milango mitatu hiyo inafunguliwa na karatasi zinazotafutana. Cheti cha kuzaliwa kinatafuta barua ya sheha, barua ya sheha inatafuta kitambulisho, kitambulisho kinatafuta daftari. Ukikatika mnyororo pahala pamoja, unarudi mwanzo.

Sheha wetu hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu najua yaliyosemwa juu ya masheha mwaka ule, na mengine niliyaona. Lakini wetu alikuwa mtu wa kawaida aliyepewa muhuri. Alikula pilau la harusi ya dada yangu, alishika jeneza la babu, akimjua kila mtu kwa jina lake na kwa jina lake la utani. Siku ya fomu akawauliza watu hao hao, "Una ushahidi gani kwamba weye ni wa hapa?" Watu walicheka wakidhani mzaha. Hakuwa akicheka. Kuna waliopata saini siku hiyo hiyo, na kuna waliokwenda mara nne wakaambiwa fomu zimekwisha. Kwa nini huyu apate na yule asipate, kila mtu alikuwa na jawabu lake, na jawabu lilitegemea bendera anayoipeperusha juu ya nyumba yake.

Uandikishaji ulianzia kwetu Micheweni mwezi wa Julai. Haukufika mbali. Waliokosa vitambulisho waliona daftari linapita mbele yao kama gari lililojaa, wakagoma, pakawa na vurugu upande wa Konde, na kazi ikasimamishwa. Sitayaeleza yale, wako wanaoyajua zaidi na wengine bado wana makovu. Ninachotaka kusema ni hiki ambacho watu hawapendi kukisikia: hakuna upande uliokuwa haupendi ushahidi. Mabarazani, wale wale waliolia kwamba wamenyimwa vitambulisho ndio waliokuwa wakipiga kelele juu ya mamluki, watu wanaosemwa wanaletwa kutoka pengine kuja kujaza vituo. Walitaka mlango uwe na kufuli madhubuti. Kila mmoja alitaka funguo iwe kwake na kufuli iwe kwa mwenzake. Na mie nilikuwa hivyo hivyo, nisijitoe.

Wala si jambo jipya. Uchaguzi wa kwanza wa visiwa hivi, Julai 1957, ulikuwa wa wanaume tu waliokuwa raia wa Sultani, na ugomvi wa nani raia na nani mgeni ulianzia palepale. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa kijana zama hizo za siasa, alikuwa akisema, "Hilo swali ni kongwe kuliko mama yako."

Bibi mwenyewe hakuwa na cheti. Alizaliwa nyumbani, kwenye kitanda cha kamba, kwa mkono wa mkunga ambaye naye alishakufa na hesabu zake zote kichwani. Nilimuuliza alizaliwa lini. Akanijibu kwamba alizaliwa msimu uliozaa karafuu mpaka matawi yakakatika. Nikamwambia, "Bibi, fomu inataka tarehe." Akasema, "Basi iandikie tarehe, kwani mie nimekukataza?" Walitafutwa wazee wawili waliomzidi umri, wakenda kula kiapo kwamba wanamjua, wanamjua babake, wanaijua na nyumba aliyozaliwa. Kwa mmoja wa wazee hao kushuka kutoka kwenye gari ilikuwa kazi ya watu watatu. Tukakubaliana mwaka 1939, Julai mosi, kwa sababu mie ndiye niliyeshika kalamu na nilipenda Julai. Tangu siku hiyo Bibi ana siku ya kuzaliwa.

Lakini Bibi alifanikiwa. Aliyekwama ni Mjomba, na aliyemkwamisha ni mie.

Mjomba ni mvuvi, ndugu wa mama, baba mmoja mama mmoja. Yeye cheti alikuwa nacho. Babu alimkatia alipomuanzisha skuli, ambako alifika darasa la pili akaona bahari ina faida zaidi. Chuoni lakini alisoma mpaka akahitimu msahafu, na herufi za Kiarabu anazisoma mpaka leo kuliko mie. Za kizungu anazitazama kama mtu anavyotazama nyayo za ndege mchangani: anajua kapita kitu, hajui kitu gani. Akanikabidhi cheti chake, akakaa kwenye ukingo wa baraza anatengeneza wavu, akaniachia nijaze.

Pahala pa jina la baba, cheti kiliandikwa kwa mkono: Khamis. Nikaandika Hamisi.

Sikukosea kwa haraka. Nilikosea kwa ujuzi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mkali wa tahajia, ametufunza kwamba neno la Kiswahili linaishia na irabu, na mie nikiwa nimetoka kwenye mtihani na kichwa bado kimejaa sarufi nikaona huyu karani wa zamani hakujua kuandika. Nikamsahihishia babu yangu jina lake. Nakumbuka hata nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri.

Sheha alitia saini. Kitambulisho kikatoka baada ya wiki kadhaa, kimemetameta, na picha ya Mjomba ambayo macho ameyatoa kama aliyeona papa. Hamisi. Hakuna aliyeona kosa isipokuwa mama yangu. Jioni alichukua kitambulisho cha kaka yake akakiweka ubavuni pa chake mwenyewe, akavitazama muda mrefu.

"Mbona mie Khamis na kaka yangu Hamisi?" akasema. "Tumechangia baba au hatukuchangia?"

Bibi alikuwa anasuka ukili pembeni. Hakuinua uso. "Mie niliolewa na mume mmoja tu," akasema. "Huyo Hamisi simjui."

Tulicheka mpaka machozi. Nani angedhani kwamba mtu atakataliwa kwa herufi?

Uandikishaji uliporejea, Mjomba alikwenda mapema, mie nikamsindikiza. Kituo kilikuwa darasa la skuli. Ukutani wametundika shuka jeupe, mbele yake kiti kimoja, mbele ya kiti kamera juu ya miguu mitatu. Pembeni benchi la mawakala wa vyama, kila mmoja na daftari lake, macho kama wanaochungulia sufuria la jirani. Karani alikuwa kijana wa rika langu. Alimwamkia Mjomba kwa adabu, "Shikamoo mzee," akapokea kitambulisho kipya na kadi ya zamani ya kupigia kura, akaviweka mezani sambamba. Kidole chake kilitembea juu ya kile, kikatembea juu ya hii. Kikarudi. Mie nilikuwa nimesimama nje dirishani, na kile kidole kiliporudi mara ya pili tumbo langu lilijua kabla ya kichwa.

"Mzee, hapa Khamis, hapa Hamisi. Wewe nani khasa?"

"Mie mtoto wa Khamis," Mjomba akajibu. "Hao wote ni mmoja."

Wakala mmoja akainuka kwenye benchi akaja kutazama. Mwengine naye akaja, kwa sababu mwenzake amekuja. Yule kijana kama angeachiwa peke yake nadhani angempitisha, lakini sasa anatazamwa na pande mbili, na karani anayetazamwa na pande mbili hushika sheria kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Akasema Mjomba arudi, akarekebishe, alete hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hakumtukana wala hakumfukuza. Simlaumu, na nimejaribu.

Mjomba akenda kutafuta hati ya kiapo. Siku ya kwanza mwenye kutia saini hayupo. Siku ya pili yupo, wino wa muhuri umekauka, njoo kesho. Hiyo kesho ilikuwa siku ya kuondoka dago. Kwa asiyejua, dago ni kambi ya wavuvi: wanatoka kwao na nyavu zao na sufuria zao, wanakwenda kupiga kambi mbali, wengine upande wa Tanga, wengine mpaka maji ya Kenya, wiki hata miezi. Bamvua haimsubiri mtu, na nahodha akikosa baharia mmoja anamchukua mwengine, msimu umekupita. Mjomba alikuwa na watoto watano. Aliichukua nyavu akaenda.

Aliporudi, meza na kamera na shuka jeupe vilishahamia kwengine.

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Tarehe 31 Julai 2010, siku ya kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, alikaa barazani pamoja nami. Alikuwa ameyataka yale maridhiano ya CCM na CUF kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alichoka na kuzika na kutosalimiana. Watu walikuwa wakirudi vituoni na vidole vyenye wino, na Bibi, mwenye mwaka wake wa kuzaliwa niliompa mie, akapita mbele yetu ameinua kidole juu kama anamshahidilia Mungu. Waliosema ndiyo walifika asilimia 66.4. Mjomba akasema, "Hata bila yangu imepita." Kisha akanyamaza, na akaongeza, "Ila ningependa niwemo."

Daftari la 2005 lilikuwa na watu zaidi ya 500,000. La 2010 lilikuwa na 400,000 na kidogo. Waliopungua si wote waliokosa vitambulisho. Walikuwemo waliokufa, na walioandikwa mara mbili ambao walistahili kufutwa. Mie nikiliona lile pengo la hesabu namwona mtu mmoja ndani yake amebeba nyavu.

Baada ya pale niliendelea kujaza fomu za watu, lakini nilibadilika. Nilikuwa mkaidi wa kunakili. Kama cheti kimekosea, nakosea nacho, herufi kwa herufi, na namwambia mwenyewe aende akakitengeneze kwanza kule kilikotoka. Watu wananiona msumbufu. Nilijifunza kwamba majina yetu ndiyo yenye mtego zaidi: Omar na Omari, Hamad na Hamadi, Khatib na Hatibu, Asha na Aisha. Kuna wanawake wanaojulikana kijiji kizima kwa jina la utani tangu utotoni, hata waume zao wanashangaa wakilisikia la chetini. Na nilijifunza kwamba msimu mbaya kabisa wa kutengeneza karatasi ni msimu wa uchaguzi, kwa sababu wakati huo kila saini ina bei, na simaanishi pesa peke yake. Mwaka usio na uchaguzi mtu huyo huyo, kwenye kiti hicho hicho, anakuhudumia huku anakuuliza habari za mama.

Dada yangu, yule mwenye pilau, alikwama kwenye mlango wa tatu. Aliolewa Unguja, akaishi huko miaka, akaachwa, akarudi nyumbani na watoto wawili na kabati. Huko alikotoka si mkaazi tena. Huku aliporudi hajatimiza miezi yake. Alikuwa Mtanzania, Mzanzibari, mtoto wa hapa hapa, na hana kituo. Hajawahi kulalamika, alisema alikuwa na mambo mengine ya kulilia. Lakini fikirieni ni nani hasa wanaohamahama kwetu: wanawake wanaoolewa na kuachwa, na wavuvi. Sheria haikuwataja, imewapata tu.

Mwaka jana mwenzangu wa skuli, aliyeishia Marekani na kuwa raia wa huko, alinipigia simu usiku. Tarehe 10 Aprili 2025 Baraza la Wawakilishi la kwao lilipitisha mswada, kura 220 kwa 208, wa kumtaka anayejiandikisha kupiga kura katika chaguzi za kitaifa alete karatasi ya kuthibitisha uraia, kama vile pasipoti au cheti cha kuzaliwa, na mswada ukaenda Seneti. Yeye hati yake ya uraia anayo, hakuwa na wasiwasi na nafsi yake. Mkewe ndiye mwenye tabu, mzaliwa wa huko huko, kwa sababu cheti chake kina jina la babake na leseni yake ina jina la mumewe. Nilimwambia hilo kwetu halipo. Mwanamke wa Pemba anaolewa hata mara tatu na anazikwa na jina la babake. Akacheka, akasema, "Basi nyie mmesalimika." Nikamsimulia habari ya Hamisi. Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia jimbo lao la Kansas, ambako walilijaribu jambo hilo hilo kuanzia 2013. Nikaja kuisoma kesi yake mwenyewe baadaye. Watu zaidi ya 30,000 walizuiwa kujiandikisha kwa kukosa karatasi, na mahakama ilipochambua ushahidi, wasio raia waliothibitika kuwa waliingia daftarini tangu 1999 walikuwa 39. Sheria ikapigwa chini 2018, na mahakama ya rufaa ikakubaliana 2020.

Sitaki kusema ushahidi haufai. Mtu asiyekuwa na haki ya kuchagua Rais wa Zanzibar asimchague, hilo nalisema waziwazi na mamluki simtaki. Ila nimeona kwamba karatasi haimjui mtu. Inaijua karatasi nyengine. Mwenye hila hupata muda wa kuzifanya karatasi zake zifanane. Wanaonaswa na herufi ni wale ambao hawakujua kama wanapaswa kufanana na chochote.

Huko dago Mjomba alikuwa akikutana na watu wa damu yake. Kuna Wapemba waliohamia pwani ya Kenya zamani, mababu zao wakifuata samaki kama alivyofuata yeye, wakazaa na kuzikana huko, Kilifi na kwengineko. Kenya ikawahesabu watu wa Pemba, na huku hakuna aliyewakumbuka. Wavuvi hodari, wanazungumza Kipemba ambacho sisi tumeshaanza kukisahau, na wakati ule hawakuwa na kitambulisho cha upande wowote. Wakikutwa baharini walilala rumande. Mjomba alisema kuna mmoja alimuomba amuachie kadi yake ya zamani, ile ya kupigia kura, ile iliyokataliwa. "Kwako haifai," alimwambia, "labda mie nitaonekana nayo ni mtu." Mjomba hakumpa, aliogopa. Mwaka 2023 serikali ya Kenya hatimaye ilitangaza kuwatambua Wapemba kuwa ni miongoni mwa makabila ya nchi ile, wakaanza kupewa vitambulisho. Siku Mjomba alipoisikia habari hiyo redioni alimtaja yule mtu, na hakukumbuka jina lake.

Yeye mwenyewe alikuja kuandikwa daftarini miaka kadhaa baadaye. Njia ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani: aliacha kudai Khamis. Alikubali kuwa Hamisi kila pahala, kadi ikalingana na kitambulisho, karani akaridhika. Vitambulisho vya zamani vilipobadilishwa kwa vipya, baada ya sheria ya 2018 iliyokusanya vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho chini ya wakala mmoja, Hamisi akahamia na yeye kwenye kadi mpya. Kompyuta haisahau. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi babu yangu, aliyelala chini ya mwembe na jina lake la haki, alikuwa na mtoto mmoja kwenye mashine za serikali na mtoto mwengine hana.

Lingekwisha hapo, kama Mjomba asingekuwa na kitinda mimba.

Kijana alitimiza miaka 18 kabla ya uandikishaji wa kuelekea uchaguzi wa 2025. Alikuja kwangu na fomu, tabasamu hadi masikioni, na bahasha ya plastiki yenye vyeti vyote vilivyopangwa, si kama sisi na mikoba yetu. Siku hizi mie ni mwalimu na nina watoto wangu, lakini kazi ya ukarani haijanitoka. Nikavitandaza mezani. Cheti chake, kilichoandikwa hospitali alikozaliwa na nesi aliyemuuliza mamake, kina jina la babu mwishoni: Khamis. Kivuli cha kitambulisho cha babake: Hamisi.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Nenda kamwite babako."

Mjomba alikuja taratibu, magoti yameshamchoka. Nilimweleza. Nilimwambia kwamba safari hii tunakwenda kwenye hati ya kiapo, tunamrejesha babu pahala pake, na kijana asubiri hata kama itachukua mwezi, tunao muda. Nilimwambia pia jambo ambalo sikuwahi kumwambia, kwamba mwaka ule sikukosea, nilisahihisha.

Aliniangalia. Kisha akainama pale chini ya mkungu, mchanga ukiwa mkavu na laini, akachora kwa kidole herufi ya Kiarabu, tumbo lake na mkia wake, kama anavyochora mtoto wa chuo. Haa. Bila ya nukta juu yake hakuna khaa hapo, ni haa tupu.

"Hivi ndivyo ulivyoandika," akasema.

Akachomeka ncha ya kidole juu yake, mara moja, pakabaki kishimo kidogo.

"Na hiyo ndiyo uliyoiacha."

Kijana akauliza sasa yeye aandike vipi. Mjomba akajifuta mchanga kwenye kikoi. "Anza na K," akasema. "Na uandike kwa penseli kwanza."